Mdomo wa Gogo

Jana paa la ghala lililia, nanyi mkatoka mbio kabla halijaanguka. Mlifanya vyema. Sasa kaeni niwaeleze sauti ile ilianzia wapi.

Hapo kale, mti uliokatwa ulikuwa bubu. Boriti ilibeba paa miaka kumi, kisha siku moja ikakatika kimya, na watu wakajikuta wamefunikwa na nyasi, mabakuli ya uji yangali mikononi.

Huku kwetu Unyamwezi aliishi fundi wa madaraja, Lugusha. Binti yake Kalunde alipoposwa ng'ambo ya mto, wakwe walikuja na ngoma zao wakapita juu ya daraja la Lugusha. Walipofika katikati, likakatika bila onyo. Wote walitumbukia majini, na mpiga ngoma mkuu akavunjika mguu. Wakwe wakasema hawatakanyaga tena kazi ya fundi yule. Harusi ikaahirishwa.

Lugusha alitupa shoka lake uani. Kalunde akaliokota.

Kwa siku nyingi alilaza vijiti juu ya mawe mawili, akaning'iniza kikapu katikati na kukijaza kokoto. Aligundua kwamba kijiti kinene hubeba zaidi, na chenye kifundo hukatika pale pale penye kifundo. Lakini kitakatika lini, hakuna kilichomwambia. Mwishowe akalilaza gogo la mninga, akalipakia mawe, na kwa uchovu akaliuliza kwa nini halisemi.

Gogo likajibu kwa sauti ndogo iliyotoka ndani kabisa. "Mimi huumia muda mrefu kabla sijakatika. Nikwambie kwa mdomo gani?"

Kalunde akachukua shoka, akalipasua kidogo kwenye ncha. Kisha akaongeza mawe. Kwenye jiwe la tisa gogo likaguna. Kwenye la kumi likaalika kwa mlio mkali, naye akaruka pembeni. Ndipo likakatika.

Alimwita baba yake. Wakayapa midomo magogo mengine, wakayapakia mawe yenye uzito wa wakwe wote na ngoma zao. Yaliyolia wakayafanya kuni. Yaliyonyamaza wakajengea daraja.

Wakwe walirudi, lakini mjomba wa bwana harusi, mtu mnene kuliko wote, alikataa kupita. Lugusha akashuka mtoni, akasimama chini ya daraja, maji yakimfika kifuani.

"Pita, mkwe wangu," alisema. "Likikatika, utaniangukia mimi."

Mjomba akapita polepole, wenzake na ngoma nyuma yake. Walipobanana katikati gogo likaguna kidogo. Wote wakasimama. Lugusha akaweka sikio, akasikiliza, kisha akamwomba mjomba asubiri ngoma zitangulie. Zikatangulia, gogo likanyamaza, na mjomba akafika ng'ambo akicheka mpaka machozi yakamtoka. Kalunde aliolewa siku hiyo hiyo.

Habari zikafika msituni, na miti mingine ikataka midomo. Na tangu siku hiyo gogo likikatwa na kuanza kukauka, hujipasua lenyewe kwenye ncha. Likielemewa huguna, kisha hualika, ndipo huvunjika. Nao mafundi wetu huipakia boriti mawe kabla ya kuipandisha juu. Mkimkuta fundi ameinama, sikio lake limegusa mti, msimsalimie kwanza. Yuko kwenye mazungumzo.