Msumari Mmoja Mtupu

Jambo la mwisho la kawaida lililopita kati ya mke na mumewe, ndugu zangu, lilikuwa hili: mke alinyoosha mkono, mume akampa kibao kidogo cha mbao chenye namba, mke akakitundika kwenye msumari na kusema, "Haya. Umetoka."

Hawakuagana zaidi ya hapo. Nitawaeleza walikuwa wapi, mpate kuelewa neno hilo.

Mwanamke huyo alikuwa mkutubi katika maktaba ya umma ya mji mmoja wa milimani, mji wa baridi ambako watu hushinda na masweta mpaka saa sita mchana. Alisimamia mlango wa chumba cha kusomea. Kila aliyeingia aliacha mfuko wake kaunta, akapewa kibao chenye namba ya kiti. Akitoka, alirudisha kibao, akachukua mfuko wake, na kiti kikapewa mwingine aliyekuwa akingoja barazani. Vibao vyote vilikuwa na mahali pake kwenye ubao wa misumari, ukutani, nyuma ya mgongo wa mkutubi. Kwa hiyo wakati wa kufunga hakuwa na haja ya kumwuliza mtu. Aliutazama ubao. Ukiwa umejaa, alijua hakuna aliyebaki ndani. Alifunga madirisha, akazima swichi kuu, akafunga mlango. Msumari ukiwa mtupu, alipita chumba kwa chumba mpaka ampate mwenye kibao, na mara nyingi alimkuta amelalia kitabu.

Mumewe alikuwa mwalimu wa jiografia. Kila alasiri akitoka shuleni alimpelekea mkewe chai ndani, na kila alasiri mkewe alimpa kibao kama anavyompa msomaji mwingine yeyote. Mume alimtania. Alimwuliza kama kweli hata mume wa mtu anahesabiwa, na yeye anakaa muda wa kikombe kimoja tu. Mke alijibu bila kuinua macho, "Hata wewe. Sitaki kuja kukutafuta."

Mwaka huo watu wa zimamoto walikuja kutoka mji wa jirani kuwafundisha wafanyakazi wa maktaba. Jengo lilikuwa la zamani, nyaya zake za zamani, na nyuma kulikuwa na stoo iliyojaa magazeti mpaka darini. Wakapangiana kazi: nani azime umeme, nani afunge madirisha upepo usiuchochee moto, nani afungue mlango wa pembeni na kuwatoa watu. Mahali pa kukusanyika pakawa kwenye mlingoti wa bendera. Mkutubi wetu alipewa kazi ya kutoka na ubao wake na kukusanya vibao pale mlingotini. Mwishoni wakaambiwa jambo ambalo waliambiwa kwa mkazo: akikosekana mtu, msirudi ndani, tuambieni sisi.

Wakafanya zoezi. Nusu ya wasomaji hawakuinuka.

Msiwahukumu haraka. Ulikuwa msimu wa mitihani, na viti vilikuwa vichache kuliko watu. Anayerudisha kibao amepoteza kiti. Kwa hiyo wasomaji walikuwa na desturi yao. Mtu akitaka kwenda kunywa chai, alivua sweta lake akalivika kiti, akaacha kitabu wazi mezani, akapitia mlango wa pembeni na kibao mfukoni, akavuka barabara kwenda kwenye kibanda cha chai. Wenzake walimlindia nafasi, naye kesho aliwalindia wao. Hakuna aliyeliona kuwa ni kosa. Kwao ulikuwa wema.

Mkutubi alijua. Baada ya zoezi alisimama mbele yao akawaeleza kwamba kibao kikiwa mfukoni mwa mtu, yeye anahesabu kuwa mtu huyo yumo ndani. Msomaji mmoja, karani wa halmashauri, mtu mzima mwenye watoto, aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani wa kupandishwa cheo, akanyoosha mkono.

"Mama, nikirudisha kibao nikanywe chai, kiti changu si kitachukuliwa?"

"Kitachukuliwa," alijibu mkutubi. "Lakini sitakutafuta."

"Basi mimi nitakaa na kibao changu, na wewe usinitafute. Nitarudi mwenyewe. Nani atakimbia na kipande cha mbao?"

Chumba kizima kikacheka. Mkutubi naye alicheka. Ninawaambia kwamba alicheka ili msije mkadhani alikuwa mwanamke mkali, aliyependa sheria kuliko watu.

Sasa turudi kwenye alasiri ile. Mume ametoka, kibao chake kiko msumarini. Hajafika mbali. Kule stoo waya ulishika moto, na magazeti ya miaka mingi yakaanza kutoa moshi.

Wafanyakazi wale walifanya vizuri, na ni haki niseme hivyo. Umeme ulizimwa. Madirisha yalifungwa. Mlango wa pembeni ulifunguliwa, watu wakatoka bila kukanyagana, wazee wakashikwa mkono. Mkutubi aliung'oa ubao wake ukutani, akaubeba mpaka kwenye mlingoti, na watu wakaanza kumrudishia vibao mmoja mmoja. Akavitundika. Misumari ikajaa, ukabaki mmoja.

Akaita namba kumi na saba. Akaita tena, kwa sauti ya juu, yeye ambaye kwa miaka yote ya kazi yake alikuwa akinong'ona. Kimya.

Gari la zimamoto lilikuwa bado njiani, na njia ile ni ya kupanda. Mwenzake wa kaunta akamshika mkono alipoona anafunga kanga puani.

"Dada, tumefundishwa tusirudi."

"Najua tulivyofundishwa," alisema. "Tumwambie nani, na wao hawajafika? Shika huu ubao."

Akaingia.

Watu wa zimamoto walimkuta katika chumba cha kusomea, sakafuni, karibu na kiti namba kumi na saba. Moto haukufika chumba kile. Hakuna hata kitabu kimoja kilichoungua mle ndani. Ni moshi tu. Na mkononi alikuwa ameshika sweta. Mjuao moshi mtanielewa: sweta lililovikwa kiti, mbele ya kitabu kilichofunguliwa, katika moshi ni mtu aliyeinamisha kichwa. Alikwenda kumwamsha.

Na mwenye sweta, ndugu zangu, alikuwa wapi?

Alikuwa pale mlingotini. Aliuona moshi akiwa kwenye kibanda cha chai, akavuka barabara mbio, akasimama nyuma ya watu. Aliisikia namba yake mara ya kwanza. Aliisikia mara ya pili. Akakumbuka yale aliyoyasema siku ya zoezi na jinsi watu walivyocheka, akaona haya kujitokeza na kibao mkononi mbele ya watu walewale. Akafikiri, nitamwona baadaye, nitampa kimyakimya. Mbele yake kulikuwa na migongo. Hakumwona alipoingia.

Je, tuseme karani yule aliua? Hakuwasha moto. Hakumtuma mtu ndani. Alikaa kimya tu, kwa muda mfupi, kwa aibu ndogo. Ningependa kuwaambia kwamba alikuwa mtu mbaya, maana ingekuwa rahisi kwangu na rahisi kwenu. Tungemaliza mfano huu hapa tukaenda nyumbani tukiwa tunamzungumzia yeye. Lakini hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kama sisi.

Ni nani kati yetu hana kibao mfukoni? Wewe uliyefukuzwa kazi huko mjini ukaacha kupokea simu ya mama yako, kwa sababu utamwambia nini? Uko salama. Unakula, unalala. Lakini kwenye ubao wa mama yako kuna msumari mtupu, na kila siku anaingia tena kukutafuta mahali ambapo hupo. Wewe uliyekosana na ndugu yako, mkapatana moyoni mwako tu, hukumwambia. Wewe uliyeanguka katika jambo fulani, ukaacha kuja hapa kanisani, ukapita barabara ya nyuma tusikuone. Hatujapotea, wapendwa. Tumesimama nyuma ya watu, tunasikia kabisa tunavyoitwa, na tunangoja wakati mzuri wa kujibu ambao hautatuaibisha. Na mahali petu tumeacha sweta, ili ionekane kana kwamba tupo.

Tunasema Mungu anajua kila namba. Ni kweli, na mimi nalisimamia neno hilo. Lakini wanaotupenda hapa duniani hawajui namba zetu mpaka tuitike. Wao wana moyo tu, na moyo ukiona msumari mtupu haungoji gari la zimamoto.

Tunao pia moshi wa kweli wa kuufikiria. Mlango wa pembeni wa kanisa hili umezibwa na ngoma za kwaya na mabenchi yaliyovunjika. Nimejaribu kuufungua wiki hii, haufunguki. Leo kabla hatujaondoka tutavitoa vyote, na mlango huo tutaufungua kila Jumapili. Mzee wa kanisa atawaonyesha mahali pa kukusanyika, na atawaita kwa familia zenu. Mtajiona kama watoto wa shule. Itikeni hivyo hivyo. Aliye nje aseme yuko nje, ili asiwepo mtu atakayeingia kwa ajili ya sweta.

Imebaki asubuhi yake, halafu nimemaliza.

Asubuhi, nyumba ikiwa imejaa wafiwa, mume alitoka bila kuaga akaenda maktaba kuchukua vitu vya mkewe: viatu vya akiba, miwani, chupa ya chai. Mifuko ya wasomaji ilikuwa imetolewa barazani, na karibu yote ilikwisha kuchukuliwa. Ubao wa misumari ulikuwa umeegemezwa ukutani. Mume alikuwa anauangalia wakati karani alipopanda ngazi.

Karani alisimama mbali kidogo. Alikuwa amevaa shati tu katika baridi ile.

"Mwalimu," alisema, "nilimsikia akiniita."

Mume aliinama, akautafuta mfuko uliobaki, akaupangusa masizi kwa kiganja, akampa. Akamwambia atazame kama vitu vyake vyote vimo. Karani hakuufungua. Alisimama ameukumbatia, machozi yakimtoka, na kibao kilikuwa bado katika ngumi yake ya kulia, kama mtu aliyesahau jinsi ya kuufungua mkono wake.

Mume alinyoosha mkono, akangoja. Karani akampa kibao. Mume akageuka, akakitundika kwenye msumari wa kumi na saba, akahakikisha kimekaa sawasawa, na ubao ukawa umejaa.

"Haya," alimwambia. "Umetoka."