Uji wa Sultani Wenye Mkia

Hapo zamani, masultani walipokuwa wengi kuliko viatu, palikuwa na mji uitwao Kitakani, na katika mji huo chuo kimoja cha watoto. Chuo hicho hakikuwa cha Sultani. Kilikuwa cha Mwana Rukiya, mjane mwembamba wa mwili na mnene wa sauti, naye alikianzisha barazani kwake. Wazazi walimlipa walichokuwa nacho: huyu kuku, huyu muhogo, na yule samahani.

Mafundisho yalikuwa kama ya vyuo vyote: mwalimu hutamka, na watoto hufuatisha kwa sauti moja, hata majirani wakahitimu bila kutaka. Somo lililovuma kuliko yote lilikuwa la vipimo. "Pishi moja ni vibaba vinne!" hutamka Mwana Rukiya, na watoto arobaini kasoro mmoja huitikia, "Pishi moja ni vibaba vinne!"

Somo hilo lilimwasha Sultani Badi kama upupu. Maana ghalani kwake mlikuwa na pishi mbili za mti: ya kupokelea ushuru wa nafaka, iliyomeza vibaba vitano, na ya kuuzia watu, iliyojaa kwa vitatu. Basi mtoto wa chuo akitumwa mtama husimama, hutazama, kisha husema mbele za watu, "Bwana, bado kibaba."

Ikawa mwaka mmoja mvua ikakata. Kuku wakaisha, muhogo ukaisha, zikabaki samahani. Watoto wakawa wanasinzia juu ya mbao zao za kuandikia kwa njaa. Ndipo Sultani, kwa mkono wa waziri wake, akaleta chuoni magunia ya mtama, wanyweshwe uji kila asubuhi, na Mwana Rukiya akashukuru hata machozi yakamtoka. Kupika akapika Sheuri, fukara mmoja mcheshi ambaye mali yake yote ilikuwa kanzu moja. Na siku ya kuifua alishinda ndani akiliomba jua lifanye haraka.

Siku ya saba akaingia Waziri Sururu, tumbo likitangulia na waraka ukifuata, akasoma:

"Kila anywaye uji wa Sultani atasema maneno ya Sultani, asizidishe wala asipunguze. Na tangu kesho chuoni patatamkwa: pishi moja ni vibaba vitatu. Mwalimu akikaidi, mtama utakoma na chuo kitafungwa."

Mwana Rukiya akasema, "Waziri, ulipouleta mtama huu hukuniambia kwamba una mkia."

"Ningekwambia, mama, ungeupokea?" akajibu waziri, akaenda zake.

Mwana Rukiya akaketi kando ya chungu. "Sheuri, nikikataa, watoto hawa watakufa na njaa. Nikikubali, nitawafundisha uongo kwa mdomo wangu huu. Nimwage uji, au nimwage elimu?"

Sheuri akakoroga chungu. "Usimwage kitu, mwalimu wangu. Si Sultani ametaka waseme maneno yake? Basi tuwapeleke kwa mwenye maneno."

"Sheuri, umelewa?"

"Kwa kitu gani, Mwana? Kwa moshi?"

Kulipokucha, watoto wakanywa uji wakashiba. Sheuri akawapanga safu, Mwana Rukiya nyuma yao, wakaenda mpaka kasri, wakaketi sebuleni kama wanavyoketi chuoni. Siku hiyo Sultani alikuwa na mgeni mkubwa, Jumbe Mwinyipembe wa ng'ambo ya mto, aliyekuja kununua mtama wa kulisha mji wake mzima.

Sultani akafungua mikono. "Karibu, Jumbe, nyumba hii ni yako!"

"KARIBU, JUMBE, NYUMBA HII NI YAKO!" wakavuma watoto, na Jumbe akajimwagia kahawa.

"Ni nini hii?"

"NI NINI HII?"

"Sheuri! Umeniletea wazimu gani?"

"SHEURI! UMENILETEA WAZIMU GANI?"

Sheuri akainama hata kichwa kikagusa zulia. "Si wazimu, bwana wangu, ni utiifu. Hawa wamekunywa uji wako, na waraka umeamuru waseme maneno yako, wasizidishe wala wasipunguze. Kule chuoni maneno yako huja yamepoa. Hapa wanayapata ya moto."

"Na wewe mbona wasema yako?"

"NA WEWE MBONA WASEMA YAKO?"

"Mimi mpishi, bwana. Uji waliumaliza wao. Mimi nimeshiba moshi, na moshi hauna waraka."

Jumbe akacheka sana. "Waache, Sultani! Sijapata kuona watoto wasikivu hivi." Basi Sultani akaona haya kuifuta amri yake mbele ya mgeni, akakenua meno, biashara ikaendelea.

"Niambie, ndugu yangu," akauliza Jumbe, akichukua tende, "pishi ya kwenu ni vibaba vingapi?"

Sultani akasahau waraka wake, akaukumbuka mfuko wake. "Vinne kamili! Sisi si watu wa kupunja."

"VINNE KAMILI! SISI SI WATU WA KUPUNJA."

Jumbe akafurahi. Lakini Sultani, kwa mazoea ya miaka mingi, akamwinamia waziri sikioni akanong'ona. Loo! Alisahau kwamba hao ni watoto wa chuo, waliozoea kudaka neno la mwalimu hata akilitamka ndani ya ukaya, shela ya kufunika mdomo.

"MPIMIE ILE YA VITATU, HATAJUA! ANAKULA TENDE KAMA NZIGE!"

Jumbe akaitoa tende mdomoni, akaiweka sahanini polepole. "Hii ilikuwa ya saba," akasema. "Zile sita unataka nizirudishe vipi?" Akavuta viatu vyake. Waziri Sururu akajificha nyuma ya nguzo, lakini tumbo lilibaki nje.

"Nyamazeni!" akapiga kelele Sultani.

"NYAMAZENI!"

"Sheuri, wanyamazishe, nitakupa utakacho!"

"SHEURI, WANYAMAZISHE, NITAKUPA UTAKACHO!"

"Nimesikia, bwana, na mashahidi ni thelathini na tisa," akasema Sheuri. "Lakini siwezi. Vinywa hivi ulivichukua wewe kwa bakuli la uji, nawe ndiwe wa kuvirudisha. Sema tu kwamba uji ni sadaka, na vinywa ni vya wenyewe."

Sultani akamtazama Jumbe; kiatu kimoja kilikwisha ingia. Akasema kwa meno yaliyoumana, "Uji ni sadaka."

"UJI NI SADAKA."

"Na vinywa ni vya wenyewe."

"NA VINYWA NI VYA WENYEWE."

Kisha kimya. "Basi?" akauliza Sultani kwa hofu. Kimya. "Basi kweli?" Kimya kabisa.

Jumbe, kiatu cha pili mkononi, akawageukia watoto. "Sasa mna vinywa vyenu. Pishi moja ni vibaba vingapi?"

Watoto wakamtazama Sultani, wakamtazama mwalimu wao. Mwana Rukiya hakutamka neno. Basi wakajibu, na kwa mara ya kwanza siku ile hawakujibu kwa sauti moja, huyu mbele, yule nyuma, mwingine kwa kikohozi: "Vinne."

Sultani akajaribu kukunja uso, ukakataa. Akaangua kicheko hata akashika mbavu. "Sururu! Toa tumbo lako hapo, ukalete pishi zote mbili zipasuliwe kuni, zipikie uji wa watoto hawa. Na Jumbe apimiwe kwa pishi ya mwalimu."

Jumbe akavua kiatu, akairudia ile tende ya saba.

Sheuri akaomba kanzu ya pili, akapewa. Na asubuhi gunia jipya lilipofika chuoni, kabla ya kuinjika chungu alilizunguka mara tatu, akainama, akachungulia chini yake.

"Watafuta nini, Sheuri?" akauliza Mwana Rukiya.

"Mkia, mwalimu wangu. Huenda umeota tena."