Kiboko Alipoalikwa Kuuzindua Moyo

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa kiti, na aliyekikalia hataki kuinuka.

Haya, sogeeni. Ngano yangu ya leo ina mdundo wake. Nikisema du, nanyi mjibu du, maana hivyo ndivyo moyo unavyosema ukiwa na raha zake. Du?

Du.

Vizuri. Kuna mmoja huko nyuma amechelewa kidogo, lakini naona mvi zake ni kama zangu, tumsamehe. Mimi nimetembea, jamani. Nimekwenda toka Moroni mpaka Bukoba, toka Lamu mpaka Kigoma, na kila nilikofika niliambiwa wenyeji wako mkutanoni. Nikaingia, nikala, nikapiga makofi, nikaondoka. Tumbo hili mnaloliona limejengwa na mikutano. Kwa hiyo mambo ya vyama msinifundishe.

Hapo kale, wanyama waliona watoto wao wanaugua mioyo. Mtoto anazaliwa mzuri, macho maangavu, lakini akikimbia kidogo tu midomo inageuka rangi ya zambarau na pumzi inamwisha. Wakakusanyika waganga wote wanaojua moyo wa mtoto, wakaunda Chama cha Waganga wa Mioyo ya Watoto wa Mbuga Yote. Walijaribu kulifupisha jina, likawa CHAWAMIWAMBU. Mgonjwa wa kwanza kulisikia alizirai, wakarudi kuliita Chama tu.

Katika Chama alikuwemo Kigong'ota, ndege yule wa kugonga miti. Ko-ko-ko, anagonga, anatega sikio, anajua tundu liko wapi kabla hajaliona. Alikuwemo Buibui, mama mdogo kuliko punje ya ulezi, ambaye hakuna tundu asiloweza kuliziba kwa uzi wake. Na alikuwemo Sange, yule mwenye mwili wa panya na pua ndefu kama mrija wa kunywea togwa. Sange alikuwa katibu. Walimpa ukatibu kwa sababu hana uzito. Na nyinyi mnajua, chama kikitafuta mtu wa kufanya kazi, humtafuta asiye na uzito.

Mwenyekiti alikuwa Kiboko.

Msiniulize Kiboko alikuwa mganga wa nini. Siku ya kwanza ya Chama alikuja, akakalia kiti, kiti kikazama ardhini, basi. Uchaguzi ukawa umekwisha. Na tangu hapo akaweka kanuni moja: mtoto yeyote akiletwa, sikio la mwenyekiti litangulie. Asiguswe na mganga mwingine, asigongwe, asishonwe, mpaka mwenyekiti ameweka sikio kifuani pake na kusema neno.

Tatizo lilikuwa hili. Moyo wa Kiboko ni mkubwa kama chungu cha harusi, na ukipiga, mbuga inatikisika: gubu, gubu, gubu. Akiweka sikio kifuani kwa mtoto wa nyani, anasikia gubu, gubu. Akiweka kwa mtoto wa ngiri, gubu, gubu. Hajawahi kusikia moyo wa mtu mwingine tangu azaliwe. Basi kila mtoto humwinua, humtazama, husema, "Mzima kabisa. Moyo kama wangu." Kisha huuliza chakula kiko wapi.

Alijitokeza mmoja, Kakakuona, akampima mtoto kabla ya mwenyekiti. Kiboko alimwendea kwa hatua mbili tu. Mpaka leo Kakakuona akisikia kishindo hujikunja akawa mviringo.

Du?

Du.

Sasa akaja Mama Chembe. Huyu alikuwa swala, na Chembe alikuwa binti yake. Swala wana desturi yao: masika yakianza kundi linahama kufuata nyasi, na safari ni ya mbio, kwa maana njiani kuna wenye meno. Asiyeweza kukimbia anaachwa. Na Chembe hakuweza kukimbia. Moyo wake haukusema du, du. Ulisema du-fyuu, du-fyuu, kama mluzi wa mtu aliyeng'oka jino.

Alifika siku ya mkutano mkuu. Wakamwambia aketi, shauri lake limewekwa kwenye Mengineyo. Mkutano ukafunguliwa. Zikaja salamu, ikaja hotuba ya mwenyekiti, vikaja vyakula. Kiboko akala matikiti ya Chama kizima, kisha ikaja hotuba ya mwenyekiti kuyashukuru matikiti. Yalipofika Mengineyo nusu ya waganga wanakoroma, na nusu iliyobaki inatafuta pa kujinyoosha. Nisicheke sana, hiyo nusu ya kwanza naifahamu, nimewahi kulala nayo.

Mama Chembe akasimama mbele ya Kiboko. 

"Mheshimiwa," akasema, "mwanangu hawezi kufika hata pale kwenye kichuguu. Mvua ziko karibu, wenzetu watahama. Ama nimwache, ama nibaki nife naye. Niambieni lipi."

Waganga waliolala wakaamka. Kiboko akainamisha kichwa, nusura amponde mtoto, akaweka sikio. Gubu, gubu, gubu.

"Mzima kabisa, mama. Moyo kama wangu. Mkutano umefungwa."

Kigong'ota alikuwa kwenye tawi juu yao. Hakuthubutu kugonga, ila alikwisha kuusikia ule mluzi, na machozi yalimtoka. Alimwambia Sange pembeni kwamba tundu lipo, si kubwa, na Buibui akisema ataliziba, ataliziba. Lakini nani atagusa? Kakakuona alikuwa palepale jirani, amejikunja, akawajibu bila kusema neno.

Sange akakaa na pua yake akifikiri. Huyu mzito, akajisemea, hasukumiki kushuka. Basi tumsukume apande.

Akaenda majini kwa Kiboko, chaka-chaka-chaka, akainama mpaka pua ikachora mchanga. Akamwambia kuwa Chama kina huzuni. Kiboko akauliza huzuni gani. Sange akasema wanachama wanaona aibu kumweka mtu mkubwa kama yeye kwenye kazi ndogo ya kugonga kengele na kunyamazisha watu. Wamekaa, wameona katika mkutano ujao awe mgeni rasmi.

Kiboko akatoa maji puani. "Mgeni rasmi ana nini asicho nacho mwenyekiti?"

"Ana shada la maua shingoni, Mheshimiwa. Ana ngoma ya kumpokea. Sahani yake inatangulia. Na wote wakisha kukaa, ndipo yeye anaingia, wote wanasimama tena."

"Wanasimama tena," akarudia Kiboko polepole, kama anayeonja asali.

"Ila sasa," akasema Sange, "mgeni hawezi kujikaribisha mwenyewe. Siku hiyo kiti atakikalia kaimu mwenyekiti. Mtu mdogo tu, kwa ajili ya kazi ndogondogo."

Kiboko akasema kaimu awe yeyote, mradi asiwe na shada.

Kaimu akawa Kigong'ota. Na hapo, wasikilizaji wangu, ndipo kamba ilipofungwa; kwani sikio la kaimu mwenyekiti, kwa kanuni zote za vyama nilivyokulamo pilau, ni sikio la mwenyekiti.

Siku ikafika. Mawingu yalikuwa mazito upande wa kusini na swala walishaanza kunusa upepo. Sange akamvisha Kiboko shada la maua ya majini, akampeleka nyuma ya kilima kwenye dimbwi la tope zuri, akamwambia ndipo mahali pa kusubiria wakubwa. Akamwekea na tikiti. Kisha mbio, chaka-chaka-chaka, mpaka mkutanoni.

Kaimu Kigong'ota akashuka kifuani kwa Chembe. Ko-ko-ko. Akatega sikio. Du-fyuu. "Hapa," akasema. Chembe akanyweshwa maji ya mzizi wa usingizi, akalala mapajani kwa mama yake. Buibui akaingia na uzi wake kwa njia ya mshipa wa paja, taratibu, maana moyo wa mtoto haupasuliwi kama fenesi ikiwa kuna mlango. Mama Chembe hakutazama. Alikitazama kile kichuguu tu.

Kutoka nyuma ya kilima ikaja sauti. "Bado?"

Sange mbio, chaka-chaka-chaka. Akamwambia bado, Mheshimiwa, wageni wa mbali ndio wanaketi.

Kiboko akala tikiti. "Bado?"

Chaka-chaka-chaka. Bado, Mheshimiwa, wanafanya mazoezi ya wimbo wako, ubeti wa ukubwa wa mdomo wako umekataa kutimia.

Kiboko akala na maganda. "Bado?"

Chaka-chaka-chaka. Bado, Mheshimiwa, wanatafuta kiti kitakachokutosha.

Lakini mtu akikosa chakula na wimbo kwa pamoja huanza kufikiri. Kiboko akainuka kwenye tope, akatoka. Gubu. Ardhi ikatikisika. Gubu. Uzi wa Buibui ukatetema ndani ya moyo wa mtoto. Kigong'ota akainua kichwa akasema kwa sauti ndogo kwamba akipiga hatua nyingine uzi utakatika, na ukikatika mtoto hataamka. Mama Chembe akamfunika mwanawe kwa shingo yake, utadhani shingo ya swala inaweza kuzuia kishindo.

Sange hakumbuki alivyofika. Alisimama mbele ya unyayo wa Kiboko, unyayo ule ukiwa tayari hewani juu ya pua yake.

"Mheshimiwa," akasema, "Ngedere hajakaa."

"Nini?"

"Ngedere hajakaa. Unamjua yule, hatulii kitini. Ukiingia sasa utamkuta amesimama tayari, hatasimama tena. Na mgeni anayeingia kabla ya Ngedere kukaa, watu watasema nini? Watasema huyo ni mgeni tu."

Unyayo ukabaki hewani. Kiboko alifikiri, na Kiboko akifikiri hawezi kufanya jambo jingine. Akaurudisha mguu nyuma kwa upole mkubwa, kama mwizi wa mayai. Akauliza afanye nini basi. Sange akamwambia akae majini afanye mazoezi ya hotuba, ila bila sauti, kwani sauti ya mgeni rasmi haisikiki kabla hajakaribishwa. Kiboko akazama mpaka shingoni. Akaupanua mdomo, kimya. Akaufumba. Akaupanua.

Huko mkutanoni Buibui akatoka, amechoka, hana uzi hata wa kutegea mbu. Kigong'ota akagonga. Ko-ko-ko. Akatega sikio. Haya, nisaidieni. Du?

Du.

Hakuna fyuu. Du, du, du. Mama Chembe akakiacha kile kichuguu, akamtazama mwanawe.

Mtoto alipoamka na kuomba maziwa, ndipo ngoma ikalia na Kiboko akafuatwa kuletwa. Wote wakasimama, hata Ngedere. Lakini alipomwona Chembe anarukaruka, na Kigong'ota kwenye kiti, macho yakamwiva. Akauliza nani amegusa mtoto. Kakakuona akajikunja.

Sange akainama. "Hajaguswa rasmi, Mheshimiwa. Moyo huu haujazinduliwa. Ulikuwa unakusubiri wewe."

Na kweli, mbele ya Chembe palikuwa na utepe wa majani uliofungwa kutoka kichaka mpaka kichaka. Kiboko akautazama. Hasira na utepe vikashindana usoni pake, utepe ukashinda. Akaukata kwa meno, akaula. Kisha akainamisha kichwa kifuani kwa mtoto, akasikiliza kwa makini. Gubu, gubu, gubu.

"Itifaki imezingatiwa," akasema. "Mtoto huyu ni mzima kabisa. Moyo kama wangu."

Makofi yakapigwa mpaka nyuki wakahama. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu Chama kianzishwe, Kiboko kusema kweli.

Baada ya chakula akamvuta Sange pembeni, akauliza ni lini atarudi kwenye kiti chake. Sange akashangaa kwa adabu. Akasema mgeni rasmi akirudi kuwa mwenyeji amejishusha. "Tangu lini, Mheshimiwa, aliyetandikiwa mkeka akarudi kuutandika yeye?" Kiboko akaona ni kweli. Akasema basi atasubiri mwaliko ujao. Akarudi majini na shada lake, na mpaka leo yumo, maji shingoni, magugu kichwani, akipanua mdomo na kuufumba. Wapita njia hudhani anapiga miayo. Anafanya mazoezi ya hotuba.

Mvua ikashuka jioni ileile. Kundi la swala likaondoka mbio. Mama Chembe alipofika kwenye kichuguu akasimama, kwa mazoea, kumsubiri mwanawe. Akageuka nyuma. Hayupo. Moyo wake yeye ndio ukataka kusimama. Ndipo akasikia sauti kutoka mbele, mbali kule kwenye nyasi ndefu, ikiuliza, "Mama, mbona umechoka mapema hivyo?"

Basi fundisho la ngano hii, na mlishike vizuri. Watoto, waheshimuni wenyeviti wenu, kwani bila wao hakuna moyo unaoweza kuzinduliwa. Msimtibu mtu kabla ya hotuba. Na kazi yenye maana msimpe kamwe asiye na uzito. Anayebisha aje tubishane; nitakuwa palepale penye chai, mstari wa mbele, mgeni asiye rasmi.

Ngano yangu imeishia hapo mlangoni. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni niitafune njiani. Lakini kabla hatujatawanyika, nihakikishe wote mko wazima. Du?

Du.

Naye yule wa nyuma?

Du.

Haya. Mkutano umefungwa.