Kipimo cha Sanduku la Vifaranga

Haya, sogeeni, na mwenye kubisha abishe mwisho.

Katika kijiji kimoja cha mlimani, penye baridi, walikuwako ndugu watatu. Zahara haamini kitu mpaka akijaribu. Hata chumvi aliyoitia mwenyewe huionja mara ya pili. Hozza ana kichwa cha hesabu na mambo ya kale. Kaoneka ni mchoma mkaa, na moto humsikia.

Mdogo wao, Hidaya, alikwisha kuzika watoto wawili. Wa tatu alizaliwa kabla ya miezi kutimia, wa baridi, na mvua imekata barabara ya hospitali. Mkunga akaagiza sanduku kuukuu la kutotolea vifaranga, lililoachwa na Wajerumani, linalopashwa kwa mkaa chini. Akapandisha joto mpaka zebaki ya kipimajoto chake ikafika thelathini na tano, kama alivyofundishwa. Mtoto akawa mwekundu, akatweta.

"Mungu wangu, na huyu pia?" Hidaya akalia.

Zahara akachomoa kipimajoto, akakibana kwapani mwake. Zebaki ikashuka. "Ishirini na tisa! Mkunga, mimi si maiti. Kipimo hiki kinadanganya, mtoeni mtoto!" Wakamtoa. Punde akaanza kupoa, midomo ikabadilika rangi.

Hozza akafuta kioo cha kipimo kwa kanga. Namba ziliishia themanini. "Hakidanganyi, ni cha kale, cha Wajerumani. Kwao maji huchemka themanini, kwetu mia. Tano zetu ni nne zao. Thelathini na tano yetu, hapa ni ishirini na nane."

Wakamrudisha mtoto sandukuni, Kaoneka akapiga magoti penye mkaa. Joto likipanda, alichomoa makaa kwa vidole, maana koleo lilimchelewesha; joto likishuka, alipuliza. Vidole vikababuka. Zebaki haikutoka ishirini na nane mpaka barabara ikafunguliwa.

Mtoto yu hai. Lakini Hidaya hajainuka tangu ajifungue, na anajua hatainuka. Katika ukoo wao, aliyemnyakua mtoto kutoka kifoni ndiye humnyoa nywele za kwanza, na ndiye mzazi wake mama asipokuwapo. Mmoja tu, wembe haushikwi na watatu.

"Bila mimi angeungua," asema Zahara.

"Bila mimi angeganda," asema Hozza.

Kaoneka anaonyesha vidole.

Hidaya ameshika wembe, pumzi inakatika. "Nisaidieni," anasema, "nimpe nani?"

Anawauliza nyinyi. Je, mngemwambia ampe nani? Semeni upesi, hana muda.