Chumba cha Akina Mama

Wapendwa, leo ni siku ya kushukuru kwa mavuno, na mbele yetu hapa yamelala mahindi, ndizi na kuku waliofungwa miguu. Kabla hatujavitoa vitu hivi, nipeni nafasi niwape mfano wa mtu aliyepiga hesabu sawasawa, asikosee hata tarakimu, na bado akapata jibu ambalo hakulitafuta.

Palikuwa na mpima ardhi mmoja aliyestaafu. Jina lake halituhusu. Tumwite kama mkewe alivyomwita, Baba Tusekile. Maisha yake yote ya kazi aliyaishi Dar es Salaam pamoja na mkewe, na sasa wote wawili walikuwa wakirudi nyumbani, huku kwetu nyanda za juu, kumalizia siku zao. Vitanda na masufuria vilikwisha kutangulia kwa lori. Waliobaki ni wao wawili, na safari yenyewe.

Safari hiyo ilikuwa na uzito wake. Mama Tusekile alikuwa na ugonjwa wa presha ya macho. Ulikwisha kumla pembeni, kushoto na kulia, ukamwachia katikati nafasi ndogo ya kuonea, mfano wa mtu anayechungulia katika tundu la ufunguo. Daktari aliwaeleza kwa upole, bila kuzungukazunguka, kwamba dawa zingeuchelewesha lakini zisingeurudisha nyuma. Na kwamba kama kuna kitu mama anatamani kukiona, asikiweke mbali.

Naye alikuwa nacho. Njia ile ya kutoka pwani kuja huku juu alikwisha kuipita mara nyingi, ila hakuwahi kuiona. Mnashangaa? Hebu tujiulize, sisi ambao watoto wetu wanaishi mbali, wao huja kwetu lini? Mama yule alisafiri kila alipopigiwa simu ya msiba. Ndugu walichangishana, likakodiwa gari, wakaondoka jioni. Alijifunika khanga kichwani, na alipoifunua walikuwa wamekwisha kufika penye matanga. Wazazi wake, kaka zake, shangazi yake, wote aliwazika kwa njia ile, na njia yenyewe hakuijua rangi. Kwa hiyo alimwomba mumewe jambo moja.

"Safari hii sina wa kuzika," alisema. "Nataka nione tunapopita."

Nani kati yetu angelikataa ombi hilo? Mumewe alilipokea kama mtu aliyekabidhiwa kiwanja chake cha mwisho kukipima. Usafiri uliokuwapo ulikuwa wa namna tatu: basi, gari la kukodi, na treni. Siku hiyo alikuwa mezani akichambua maharage, kwa kuwa vijiwe mkewe hakuviona tena, na maharage hayo hayo akayafanya kuwa alama za kupimia. Basi la abiria akaliwekea fungu zuri la punje, kwa sababu lingewapitisha kwenye bonde la mibuyu na kuupanda mlima wa Kitonga mchana kweupe. Kisha akalipunguzia: punje kadhaa kwa ajili ya kasi, kadhaa kwa ajili ya mapazia ambayo abiria wa upande wa jua huyafunga tangu asubuhi, na nyingine kwa ajili ya sinema, ambayo humfanya hata mwenye macho mazima asitazame nje. Gari la kukodi lingesimama popote mama atakapo. Lakini nani angeliendesha? Akiendesha mwenyewe, macho yake yangekuwa barabarani na mkewe angekosa wa kumwelekeza. Akimchukua dereva, dereva angekuwa na haraka ya kugeuza. Treni ikazipita zote. Treni hujikokota. Dirisha lake ni pana. Huipita mbuga ya wanyama jua likielekea kuchwa, na asubuhi yake huipanda milima kati ya Mlimba na Makambako, penye madaraja marefu na mahandaki ambayo barabara ya lami haiyajui.

Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, akanyoosha mkono mezani, akapapasa.

"Baba Tusekile, ukimaliza kuhesabu nirudishie. Hayo ni ya chakula cha mchana."

Ndugu zangu, hesabu ile nimeipitia mwenyewe kwa makini, nami sioni harage la kuhamisha. Treni ilistahili kushinda. Na mpango wake wote ulisimama juu ya jambo moja: kwamba ataketi ubavuni mwa mkewe, dirishani, na kumwambia tazama hapa, sasa tazama kule. Maana mtu mwenye nafasi ndogo ya kuonea asipoelekezwa, tembo hupita naye angali anatazama nguzo ya simu.

Akakata tiketi mbili za daraja la kwanza, vitanda viwili, na akasisitiza viwe vya dirishani. Wakafika stesheni mapema. Mhudumu wa behewa, binti mpole mwenye funguo mkononi, akazisoma tiketi, akamfungulia mama chumba cha mwanzo. Kisha akamwonyesha mzee kwa kidole chumba kingine, mwisho kabisa wa ujia.

Waliopata kusafiri kwa treni za kulala wanacheka, naona. Katika treni ile wanaume walilala kwao na wanawake kwao. Mke na mume waliwekwa pamoja pale tu walipokata tiketi za chumba kizima, vitanda vyote, hata vile ambavyo hawatavilalia. Mzee wetu alikuwa ameipanda treni hiyo mara nyingi kikazi, yeye na wapimaji wenzake, na siku zote walipangwa wanaume kwa wanaume. Hakuwahi kujiuliza wanawake wanalala wapi. Utaratibu ulikuwa ukimpita mbele ya pua, na kwa kuwa haukuwa umemgusa, hakuuona.

"Binti yangu," akasema, "huyu ni mke wangu wa ndoa."

"Nimekuelewa, mzee wangu. Na hawa waliomo ndani nao ni wake za watu."

Kicheko kikasikika kutoka ndani. Mzee akaeleza habari ya macho, akaeleza habari ya dirisha. Binti yule alihuzunika kwa dhati, akaenda kuulizia behewa zima, akarudi na jibu kwamba vyumba vyote vimejaa. Basi mume akabeba begi lake mpaka mwisho wa ujia, akaketi na wanaume watatu waliokuwa wakibishana juu ya mbolea. Treni ikapiga honi na kuondoka.

Sasa niulizeni alifanya nini. Alikaa kidogo tu, akainuka. Kila alipoona kitu alichokuwa amekikusudia, alikwenda mpaka chumba cha mwanzo na kupiga hodi. Akasubiri, kwa kuwa ndani wapo wanawake waliovua vilemba. Akifunguliwa, hakuvuka kizingiti. Alisimama mlangoni, wima kama mwanafunzi aliyetumwa na mwalimu, akasema twiga wako mkono wa kulia. Mkewe akageuka dirishani. Lakini mpaka hodi ipigwe, mpaka vilemba vifungwe, mpaka mama alielekeze tundu lake dogo la kuonea mahali panapotakiwa, twiga wale walikuwa wamebaki nyuma na kilichokuwapo ni nyasi. Ikawa hivyo kwa tembo. Ikawa hivyo kwa mto.

Mle ndani alikuwamo mama mmoja mfanyabiashara, mwenye sauti ya sokoni, aliyekuwa akienda Tunduma kufuata vitenge. Hodi ya kwanza ilimkera. Ya tatu ilimfurahisha. Baadaye ikawa kila mlango unapogongwa yeye ndiye anayetangulia kunena, na wenzake wanacheka hata kabla hajamaliza. Mzee alipofika na ndizi alizonunua dirishani kwenye kituo kidogo, mama yule akamgusa Mama Tusekile goti.

"Shoga, mchumba wako huyo, amerudi. Leo kaleta ndizi, kesho ataleta posa."

Mzee akatabasamu kwa adabu, akatoa ndizi, akaenda zake. Moyoni hakuwa akicheka. Alikuwa akihesabu alichopoteza: mbuga imekwisha, mto umekwisha. Akajiambia kwamba bado liko jambo kubwa kuliko yote, milima ya asubuhi, ambako treni hupanda polepole kiasi kwamba hata kwa hodi na vilemba mama ataiwahi.

Asubuhi ikaja na ukungu. Mnaujua ukungu wa huku kwetu, hauombi ruhusa. Ulikuwa umeziba milima, madaraja na mabonde, na nje ya kila dirisha palining'inia weupe mtupu, mfano wa shuka. Mzee aliutazama mpaka akachoka. Kisha akaenda kwenye kile chumba bila kitu mkononi, akapiga hodi, akafunguliwa. Akasimama pale pale aliposimama tangu jana, mwanga mweupe wa dirisha ukimwangukia moja kwa moja.

"Mama Tusekile," akasema, "nisamehe. Nimekosea kila kitu."

Mkewe alikuwa ameketi akiuelekea mlango. Hakugeuka dirishani. Akamwambia asogee kidogo kushoto. Hapo, abaki hapo.

"Tangu jana kila kitu kinanikimbia," akasema. "Nikikipata kwa jicho, kimekwisha kupita. Wewe ndiye pekee unayekuja ukasimama."

Mkewe akaendelea kumtazama, taratibu, kipande kwa kipande, kama mtu anayesoma maandishi madogo: paji la uso, kisha macho, kisha kidevu.

"Sikujua kwamba umezeeka."

"Nimezeeka sana?" akauliza mzee, akajishika kidevu.

"Umezeeka vizuri. Nyusi zimekuwa nyeupe zote, na hakuna aliyeniambia. Nyumbani unaketi ubavuni kwangu, mume wangu, na ubavuni ndiko nisikoona. Ungekipata chumba cha sisi wawili, ungeketi ubavuni mpaka Mbeya. Milima watanisimulia watu. Sura hii nani angenisimulia?"

Ndipo mama wa vitenge akayaondoa mabegi yake mlangoni, akatoa kigoda chake cha kukunja, akakiweka kwenye ujia, nje ya kizingiti, ili utaratibu wa treni usivunjwe. Akamwambia mzee aketi hapo, atazame ndani. Na abiria waliotaka kupita wakapita kwa kujibana, mpaka treni ilipoingia Mbeya.

Mfano unaishia hapo. Sasa tuje kwetu sisi.

Mimi nimezirudia hesabu za mzee yule. Kwa basi, mume angeketi ubavuni. Kwa gari la kukodi, ubavuni. Kwa treni, katika chumba kizima kilicholipiwa vitanda vyote, ubavuni vilevile. Angalieni jambo hili kwa makini. Katika njia zote alizozipanga kwa akili, kwa upendo na kwa maharage, hapakuwamo hata moja ya kumweka mbele ya macho ya mkewe. Iliyomweka hapo ni ile ambayo hakuipanga, tena aliyoiombea msamaha.

Sisemi tuache kupanga. Mungu alitupa akili ili tuitumie, na mtu anayesafiri na mgonjwa bila kupanga ni mzembe. Wala sisemi kila linaloharibika limeharibika kwa ajili ya heri. Wapo hapa wenye misiba ambayo sithubutu kuitolea maelezo. Nasema hivi: sisi tulimwomba Mungu dirisha, naye mara nyingi ametupa mlango. Kisha tukakaa tukilia kwa ajili ya dirisha, na mlangoni amesimama mtu na ndizi zake mkononi, na hatujamtazama. Je, si ndivyo? Tumeleta mahindi leo kwa sababu tuliyapanda na tuliyatarajia. Je, yule aliyekuja kukupigia hodi ulipokuwa umelazwa, akasimama mlangoni kwa sababu wauguzi hawakumruhusu kuingia, wewe umemleta katika shukrani yako? Na huyu uliyekula naye jana usiku, ukampokea bakuli bila kuinua uso, unajua nyusi zake zina rangi gani leo?

Sasa jitazameni tulivyoketi. Wazee waliojenga kanisa hili walitupanga wanaume upande wa kulia na wanawake upande wa kushoto, na vijana wetu wananiuliza kila mwaka ni lini tutauacha utaratibu huu uliopitwa na wakati. Huenda wana haki, na baraza litalijadili. Lakini leo bado tuko hivi, tumetengwa na njia ya katikati, na kwa hiyo hatuko ubavuni.

Kwaya isubiri. Wenye mahindi, yaacheni chini kwanza. Geuzeni shingo, ng'ambo ya njia hii, kila mmoja amtafute wa kwake. Na ambaye wa kwake hayupo tena duniani, amtafute mtu mmoja aliyewahi kumpigia hodi. Yumo humu, nina hakika. Msimwite, msimpungie mkono. Mtazameni tu, taratibu, kipande kwa kipande, maana asubuhi hii Mungu ametupa mwanga wa kutosha na macho bado tunayo.

Sadaka yetu ya kwanza iwe hiyo. Mahindi yatafuata.