Siku Fisi Alipoleta Pombe Uwanja wa Shabaha

Zamani hizo, wanyama walipokuwa bado wanashika upinde na kutembea na podo la mishale begani kama waungwana, mvua iliikataa nyika ya Kirumbi. Mwaka wa kwanza wanyama walisema itakuja. Mwaka wa pili waliacha kusema. Mto ukawa mchanga, bwawa likawa tope, na tope likawa vumbi. Ikabaki chemchemi moja tu chini ya jabali, nayo ilitoa maji kidogo kidogo, kama bahili anayetoa sadaka.

Pale chemchemini pakawa na vita kila siku. Wenye pembe waliwasukuma wasio na pembe, wenye mbio waliwahi, na wazito walikuta tope. Aliyeteseka kuliko wote alikuwa Kobe. Akitoka kwake alfajiri, hufika jua likiwa utosini, wenzake wamekwisha kunywa na kwenda zao. Hulamba jiwe lenye unyevu, kisha huanza safari ya kurudi. Shingo yake ilikuwa imesinyaa, na alijua wazi kwamba mambo yakiendelea hivyo, mwezi ule hataumaliza.

Simba, mfalme wa nyika, hakupenda kelele isipokuwa zake mwenyewe. Akaita baraza.

"Chemchemi itapata mlinzi mmoja," akanguruma. "Yeye ndiye atakayepanga zamu za kunywa, na neno lake halitapingwa mpaka mvua inyeshe. Tutampata kwa mchezo wetu wa shabaha, siku nane kutoka leo."

Wanyama wakashangilia, maana mchezo huo ulikuwa starehe yao tangu enzi za mababu. Kila mara kibuyu kikavu kilining'inizwa kwenye mti wa mgunga, na wapigaji walisimama mstarini, hatua hamsini kutoka hapo. Kobe alikuwa mtangazaji. Alikaa karibu na mti, akatoa shingo kutazama mshale ulipoingia, kisha akatangaza. Miaka yote hiyo hakupata hata mkwaruzo, na sababu yake ilikuwa desturi moja waliyoiita kupima mkono. Kabla ya kushika upinde, kila mpigaji alibeba bakuli lililojaa maji mpaka ukingoni, akaenda nalo mgungani na kurudi. Aliyemwaga hata tone alikaa kando siku hiyo, awe mgonjwa, awe na hasira, au awe ametoka kwenye pombe.

Kila mtu alijua kwamba mshindi atakuwa Nyani. Jicho lake lilikuwa kali na mkono wake mtulivu, na tena alikuwa rafiki wa Kobe.

"Nikipata ulinzi," Nyani alimwambia, "wazito watakunywa kwanza. Wenye mbio na wangoje, hawataota mizizi."

Kobe alifurahi akataka kulia, lakini maji ya kulilia hakuwa nayo.

Sasa tuje kwa Fisi. Fisi alikuwa mpiga shabaha hafifu, lakini tamaa yake haikuwa hafifu hata kidogo. Nami nitakuambia siri ambayo wanyama hawakuijua: kwa miezi miwili Fisi alikuwa akiamka kabla ya wote, akichota maji chemchemini na kuyaficha pangoni kwake. Alikwisha kujaza mitungi arobaini. Mwingine angeridhika. Fisi aliitazama ile mitungi akaona inahitaji chemchemi ya kuisindikiza.

"Siwezi kuwa mpigaji bora," alijiambia. "Lakini ninaweza kuwafanya wengine wawe wabaya kuliko mimi."

Akachukua kimea cha mtama na maji ya wizi, akapika vyungu saba vya pombe. Yeye mwenyewe hakuonja. Kwa Fisi huo ulikuwa ushujaa, tena wa mara ya kwanza maishani mwake. Kisha akaenda kwa Simba na uso wa huzuni.

"Mfalme, hivi kweli tutachukua maji mabakuli kwa mabakuli tuyatembeze uwanjani, na watoto wanakufa kiu? Huruma yako itaruhusu?"

Simba hakuwa na huruma nyingi, lakini alipenda sana kusikia kwamba anayo. "Kupima mkono kumefutwa," akasema, na baraza zima likapiga makofi. Hakuna aliyejiuliza Fisi ameanza lini kuwaonea wenzake uchungu.

Siku ya nane ilipofika, Fisi aliwasili uwanjani na vyungu vyake saba, akavipanga kivulini.

"Karibuni, ndugu zangu! Najua mna kiu. Hiki ni kinywaji cha kutuliza mkono."

Mnyama aliyelamba umande siku tatu haulizi maswali. Wakavamia. Nyani peke yake alisimama mbali na upinde wake.

"Nikishika upinde sinywi," alisema.

"Nani kakwambia unywe?" Fisi akamjibu, akimsogezea kata ya pombe. "Onja tu. Koo lako nalo lina haki zake."

Koo la Nyani lilikuwa limekauka mpaka likawa linauma. Akanywa moja. Ile moja ikaita ya pili, na ya pili ikaita ukoo wake wote.

"Nawe Mfalme?" Fisi akauliza. "Au unaogopa kulewa?"

"Simba halewi," alisema Simba. "Pombe ikiingia tumboni mwangu, hulewa yenyewe." Akakiinamia chungu kizima.

Sungura alipopewa kata, aliinusa, akalamba midomo yake iliyopasuka, kisha akairudisha kata. Si kwamba alikuwa mtakatifu. Pombe aliipenda, na kiu ilimtesa kama wengine. Lakini babu yake alimfundisha kwamba Fisi akikugawia mfupa, jihesabu miguu kwanza.

Mchezo ukaanza. Simba akashika upinde, akayumba, akaachia. Mshale ukapita juu ya mgunga ukapotelea vichakani.

"Kibuyu kimeniona kikainama!" alisema Simba.

Wote wakapiga makofi, maana hakuna aliyetaka kuliwa. Akaja Nyani. Alikaza macho, akayafumba, akayafumbua tena.

"Viko vibuyu vitatu," akalalamika. "Nipige kipi?"

"Piga cha katikati!" Fisi akamjibu, na uwanja ukaangua kicheko.

Nyani akaachia. Kong! Mshale ukagonga gamba la Kobe, pale pale shingo inapotokea, ukabandua kipande na kuanguka. Upana wa kidole kimoja tu uliiokoa shingo yake. Wanyama walicheka mpaka wakashika mbavu. Nyani naye alicheka. Kobe hakucheka. Alikuwa ndani ya gamba lake akitetemeka, na moyo ulimwenda mbio kuliko miguu yake ilivyowahi kwenda.

Baada ya muda akachungulia. "Mfalme, naomba ruhusa niondoke."

"Mtangazaji akiondoka, atakunywa wa mwisho mpaka mvua inyeshe," Simba akasema. "Kwani unaogopa nini, nawe una nyumba mgongoni?"

"Nyumba ina mlango, Mfalme, na mlangoni ndipo kilipo kichwa changu."

Wakacheka tena. Kobe akabaki. Akiondoka, kiu itamuua. Akikaa, huenda mshale ukamuua. Aliogopa, wala hakuona haya kuogopa.

Fisi akajongea mstarini akichekelea. Alikuwa mkavu kama kuni, hajaonja hata tone, na hata mpiga shabaha hafifu akiwa mkavu, miongoni mwa walevi ni bingwa. Alihitaji kukigusa kibuyu mara moja tu, na chemchemi ni yake. Akauvuta upinde.

"Ngojeni!" Sungura akaruka katikati ya uwanja na bakuli mkononi. "Mkono haujapimwa."

"Kumefutwa!" Fisi akang'aka. "Hatuna maji ya kuchezea."

"Maji hatuna, ni kweli, lakini pombe tunayo vyungu na vyungu. Tupimie hiyo. Au Mfalme ana shaka na mkono wake?"

Kumwambia Simba maneno hayo ni kumtia kidole puani. "Lete bakuli!" akanguruma. "Atakayemwaga, mshale wake hauhesabiwi wala hashiki upinde leo. Nami natangulia."

Akatangulia. Hatua ya tatu, nusu ya bakuli ilikuwa kwenye manyoya ya shingo yake, na ya tano, nusu iliyobaki ilikuwa kwenye miguu ya Twiga. Akafuata Nyani. Nyani alitembea kwa uangalifu mkubwa, polepole, mpaka mgungani na kurudi, asimwage hata tone. Tatizo ni kwamba bakuli lenyewe alikuwa amelisahau mstarini. Wapigaji wengine walifuata, na mmoja baada ya mwingine wakaketi chini wameloa.

"Nimebaki mimi!" Fisi alipaza sauti. Akajaziwa bakuli, akaenda nalo. Kumbuka kwamba yeye pia alikuwa na kiu. Maji yake yote ya juma lile yalikuwa yameingia kwenye vyungu, na mitungi iliyobaki alikuwa akiionea choyo hata yeye mwenyewe kuinywa. Sasa povu la pombe likawa chini ya pua yake, na harufu ya kimea ikampanda kichwani. Alifika mgungani bila kumwaga tone. Aliporudi, karibu na mstari, akawaza: sheria imekataza kumwaga, kunywa haikukataza. Akapiga funda moja.

"Imepungua, Mzee Fisi," Sungura akasema kwa upole. "Bakuli lazima lirudi limejaa. Tukuongezee, uende tena?"

"Niongezeeni."

Safari ya pili alikunywa kabla ya kufika mgungani. Safari ya tatu hakusafiri. Aliketi kando ya chungu, akalitupa bakuli, akaingiza kichwa chote. Alipokitoa, macho yake yalikuwa yanatazama pande mbili na mdomo wake ulikuwa hauna bawabu.

"Pombe tamu hii," Sungura akasema, akikaa kando yake. "Nyika nzima imekauka. Hivi maji ya kupikia vyungu saba uliyatoa wapi?"

"Chemchemini!" Fisi akapiga kifua. "Mnadhani mimi mjinga kama nyinyi? Kila alfajiri nimechota. Mitungi arobaini pangoni kwangu! Na leo nachukua chemchemi yenyewe, mtakiona cha moto!"

Hata waliolewa sana walihisi pombe ikiwashuka. Simba akainuka, safari hii bila kuyumba. "Mwizi!" akanguruma.

Fisi naye aliona kwamba mambo yameharibika, ila hakukumbuka nani ameyaharibu. Akaunyakua upinde.

"Nani mwizi? Nitawaonyesha! Kobe, kaa sawa!"

Kobe akajifungia. Wengine wakalala kifudifudi, Simba mwenyewe akiwa wa kwanza. Fisi akavuta upinde kwa nguvu zake zote, kichwa kikamwelemea nyuma, na mshale ukaenda moja kwa moja mbinguni.

"Umekwenda wapi?" akauliza. Akainama kuutafuta chini, kichwa majanini, matako juu.

Mshale ulikuwa umekwisha kugeuka. Ukashuka ukamkuta pale alipokuwa ameinuka zaidi. Ukelele alioutoa ulisikika mpaka ng'ambo ya milima, na watu wa huko walidhani ni radi ya kuleta mvua.

Jioni hiyo wanyama waliitoa mitungi pangoni, wakaipanga mbele ya Simba aliyekuwa amefunga kichwa kwa kitambaa. Sungura alisimama mbele kabisa, kifua mbele, akingoja kutajwa.

"Mlinzi wa chemchemi ni Kobe," alisema Simba. "Yeye akiiba maji, hakuna atakayeshindwa kumkamata."

Sungura alinuna siku mbili. Nyani akajaza bakuli, akalibeba kwa mikono miwili mpaka kwa Kobe, akapiga magoti. Alilitazama gamba lililobanduka, na machozi yakamtoka.

"Nisamehe, ndugu yangu. Sikutaka kukupiga."

"Najua hukutaka," Kobe akamjibu. "Lakini mshale haukukuuliza unataka nini." Akanywa mpaka akashiba, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, kisha akampa Nyani nusu iliyobaki.

Tangu siku hiyo ikawa sheria nyikani Kirumbi: siku ya upinde, vyungu vikae jikoni, siku ya vyungu, upinde ukae darini. Na kupima mkono kukarudi, hata kwa mfalme.

Fisi alichukua miezi kupona. Kidonda kilivimba, kikapasuka, kikavimba tena, na mpaka leo sehemu zake za nyuma zimeshuka na mwendo wake ni wa kuchechemea. Siku moja, mvua zikiwa zimekwisha kunyesha, alipita chemchemini akiwa ameshika kiuno.

"Nanyi mmenichukia bure," alimlalamikia Kobe. "Ilikuwa starehe tu. Nilikuwa nafanya mzaha na wenzangu."

Kobe alimtazama mbele, akamtazama na nyuma, kisha akamwambia:

"Mzaha mzaha, hutumbuka usaha."