Ubeti wa Mwisho wa Malenga wa Bondeni

Haya, kaeni mkao wa kusikiliza, maana ngano hii hakuna aijuaye kunishinda.

Palikuwa na kijana malenga. Kila masika bonde likichanua, yeye hulia: uzuri wote ule, na baada ya siku chache unanyauka! Zimwi la bondeni likamsikia.

"Mjukuu wangu, nitakupa shairi lisilosahaulika. Ila kila utakachokitaja humo, nitakila."

Kijana akawaza: si vitakufa tu? Akakubali.

Akaimba ubeti wa maua mekundu. Watu wakalia kwa utamu. Zimwi likala, bonde likabaki majani matupu. Akaimba ubeti wa ndege kurumbiza. Watu wakalia tena. Zimwi likala, alfajiri ikawa bubu. Ukabaki ubeti wa tamati, ule ambao malenga hutia jina lake.

Mamake akamshika kanzu. "Mwanangu, komea hapo hapo. Usijitaje!"

"Nisijitaje, mama? Ili kila mwizi aseme shairi ni lake?"

Akaimba, akajitaja. Zimwi likamla kuanzia vidole vya miguu, polepole, huku likisifia vina. Likalila na jina lenyewe, hata mamake akawa analia bila kujua amwite nani.

Basi shairi lile ninalo mimi, lote isipokuwa ubeti wa mwisho. Mkiulizwa nani kalitunga, semeni ni mimi. Ila jina langu, tafadhalini, msilitaje.